Ndugu yako yuko misheni: maneno ya vijiweni na ukweli wake

Kikosi cha Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) kikiondoka kwenda kulinda amani Kongo au Jamhuri ya Afrika ya Kati, kuanzia Tukuyu hadi Mafinga huzuka maneno yale yale. Mengine hayana madhara. Mengine yanawamaliza akina mama kwa presha.

"Siku ya tatu hapatikani, basi kuna jambo."

Woga huu una chanzo. Desemba 7, 2017 kambi ya walinda amani wa Tanzania ilishambuliwa Semuliki, Kivu Kaskazini, na askari wetu zaidi ya 10 wakauawa. Tangu hapo simu ikizimwa tu, watu wanaanza kupigiana usiku. Lakini kimya kina sababu nyingi: askari yuko doria, mnara umekatika, au amri imetoka simu zizimwe. Majeshi mengi hufunga mawasiliano binafsi baada ya shambulio ili familia zisipate habari mbaya mtandaoni kabla ya kuambiwa rasmi. Taarifa rasmi huenda kwa ndugu ambao askari mwenyewe amewaandikisha, kwa hiyo mama akibadilisha laini, amwambie mwanawe mapema. Halafu tukumbuke, mwaka 1979, kwenye vita vya Kagera, hakuna mke wa askari aliyekaa Iringa akisubiri simu ya jioni kutoka Kampala.

"Mimi mama yake, nikimwuliza yuko wapi kuna ubaya gani?"

Upo. Januari 1, 2023 makombora ya Ukraine yalipiga jengo walimokuwa askari wa Urusi huko Makiivka, mashariki mwa Ukraine. Wizara ya Ulinzi ya Urusi ilikiri vifo 89, ikasema chanzo kikuu ni askari kuwasha simu kwa wingi. Mama hamsaliti mwanawe, ila picha aliyotumiwa akiiweka stetasi, yenye kilima nyuma na namba za gari la kikosi, kesho iko kwenye grupu la ukoo na keshokutwa haijulikani iko kwa nani. Mwulize amekula nini. Mwulize kama amelala.

"Askari haambiwi shida za nyumbani."

Hapa nawabishia hata wazee wangu. Msiba ukifichwa, ataupata kwa rafiki wa Mwanjelwa, Mbeya, tena umeongezwa chumvi, na kuanzia hapo hatawaamini tena. Mwambieni, pamoja na kilichokwisha kufanyika: baba alilazwa, ametibiwa, bili imelipwa.

"Shikamoo mama, mimi afande wake. Kijana kaumia, tuma hela ya matibabu."

Tapeli huyo. Askari akijeruhiwa kwenye misheni ya Umoja wa Mataifa, familia haidaiwi hela ya matibabu wala ya kumrudisha. Kata simu, nenda kambi ya jeshi iliyo karibu ukaulize.

"Hapokei usiku, ana mambo yake."

Hesabu saa kwanza. Mbeya ikiwa saa nne usiku, Goma kule Kongo ni saa tatu na Bangui kule Afrika ya Kati ni saa mbili; huenda bado yuko kazini.

"Akitekwa, ndiyo basi tena."

Katika vita kati ya mataifa, Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949 unampa mateka haki ya kuiandikia familia kadi ndani ya wiki moja tangu afike kambini. Akiwekewa kikomo, kisipungue barua mbili na kadi nne kwa mwezi, na hazilipiwi stempu. Waasi ni shughuli nyingine, kwa kuwa kanuni hizo za kadi hazikuandikwa kwa ajili yao. Hata hivyo Msalaba Mwekundu huomba kuwaona wanaoshikiliwa, na ukiruhusiwa hubeba ujumbe mfupi wa kifamilia. Ujumbe huo husomwa na wanaowashikilia, kwa hiyo humo zinaandikwa habari za nyumbani tu.