"Mnyoosheni Huyu": Dhana Potofu Kuhusu Skauti

Kila mwaka shule zikifunguliwa Januari, viongozi wa skauti huletewa watoto wenye kesi. Huyu anatoroka vipindi, yule anawajibu walimu, wa tatu mama yake analalamika kwamba hafui hata soksi zake. Maelekezo huwa mafupi: "Mwalimu, nakuachia huyu, mnyoosheni." Baadhi ya walimu wakuu nao wana wimbo huohuo. Sisi viongozi wa skauti tumeusikia vya kutosha, na hapa tunazijibu dhana kama hizo moja baada ya nyingine.

"Skauti ni jeshi dogo la kunyoosha watoto watukutu"

Dhana hii inakotoka panajulikana. Mtanzania wa kawaida huwaona skauti kwenye sherehe za kitaifa, au kwenye mapokezi mgeni rasmi anapovishwa skafu. Anaona sare, saluti, mguu pande, mguu sawa, kisha yaliyobaki anajijazia mwenyewe. Akisikia kwamba mwanzilishi, Robert Baden-Powell, alikuwa jenerali wa jeshi la Uingereza, anaona kesi imekwisha.

Haijaisha. Kambi ya kwanza ya majaribio ilifanyika Agosti 1907 katika kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza. Jenerali huyo aliwachukua wavulana wapatao 20, watoto wa wenye nazo na wa wafanyakazi wakiwa pamoja, akawagawa katika vikundi vidogo vinne vinavyoitwa patroli. Kila patroli aliipa kiongozi ambaye ni mvulana mwenzao. Kazi walizopewa ni kupiga kambi, kupika, kufuata nyayo na kuokoa maisha. Aliyekuwa amekaa jeshini miaka yote ile ndiye aliyesema wazi kwamba gwaride la kijeshi halimlei kijana kufikiri. Miaka zaidi ya mia moja baadaye, wapo watu wazima wenye filimbi shingoni wanaomaliza Jumamosi nzima wakipiga kelele za "nyuma geuka" uwanjani, halafu wanashangaa muhula wa pili wamebaki na watoto tisa.

Gwaride lina nafasi yake: kupandisha bendera, ukaguzi, sherehe. Katika mkutano wa saa mbili, dakika 15 zinatosha. Muda uliobaki ni wa patroli.

Patroli ni vijana sita hadi wanane. Wakizidi hapo, wawili au watatu hujificha nyuma ya wenzao. Wakiwa wanne, akiugua mmoja kazi zinalala. Wanamchagua kiongozi wao na msaidizi wake, wengine wanagawana majukumu: mpishi, mtunza vifaa, mhazini, karani, mtu wa huduma ya kwanza. Vyeo hivi si mapambo ya bega. Mtunza vifaa akiacha kiberiti nje ya mfuko wa nailoni usiku wa mvua, asubuhi patroli nzima inakula mkate mkavu bila chai. Baada ya hapo hakuna mtu mzima anayehitaji kumpazia sauti.

Mtindo wa kufundisha nao ni mwingine. Katikati ya wiki, tuseme Alhamisi baada ya vipindi, kiongozi mtu mzima anakaa na viongozi wa patroli kwa dakika 40 na kuwafundisha jambo moja tu, labda kufunga bandeji kwenye kifundo cha mguu au kusoma dira. Jumamosi wao ndio wanaowafundisha wenzao. Kijana wa miaka 13 anayejua kwamba keshokutwa ni zamu yake kufundisha husikiliza vizuri kuliko darasani. Viongozi hao hao wa patroli wakikaa kama baraza ndio wanaopanga ratiba ya muhula na kusikiliza kesi ya mwenzao aliyekiuka utaratibu. Mtu mzima anakaa pembeni, anaingilia pale usalama unapoguswa.

Tazama kazi moja tu ya kambini, kichanja cha kukaushia vyombo. Fito ziwe za unene wa kifundo cha mkono, na kila kiungo kinahitaji kamba ya katani ya mita 3 hivi. Funga fundo la kuanzia kwenye mti uliosimama, chini kidogo ya pale mti mlalo utakapokaa. Zungusha kamba mara tatu ukiishika miti yote miwili, kila mzunguko ukilala kando ya mwenzake bila kupandana. Kisha pitisha kamba katikati ya miti hiyo miwili, mara mbili, ukivuta kwa nguvu zote, na umalizie kwa fundo kwenye mti mlalo. Ile mizunguko miwili ya katikati ndiyo inayokaza kiungo, na ndiyo watoto wanayoiruka kwa sababu kwa macho kichanja tayari kinaonekana kimesimama. Kosa la pili ni kutumia kamba iliyoloa: katani ikikauka inalegea, na kichanja kilichokuwa imara saa tatu asubuhi kinayumba saa nane mchana.

Kiongozi mtu mzima anaona yote hayo tangu fundo la kwanza, na kazi yake ni kunyamaza. Sufuria ya kwanza yenye maji ndiyo itakayosema. Vyombo vinaanguka kwenye vumbi, patroli inaviosha upya, kisha mmoja wao anauliza tulikosea wapi. Hapo ndipo mtu mzima anafungua mdomo. Ingekuwa ni daraja la kamba au bembea, kitu ambacho mtu atakipanda, angewazuia mapema. Kwa kichanja, akiingilia anawaibia somo.

Jikoni ni hivyo hivyo. Patroli ya watu wanane kwa chakula cha jioni inahitaji unga wa sembe kilo 2 na maharage gramu 800, na maharage yalowekwe tangu usiku wa jana yake. Mpishi akisahau kuloweka, wanakula saa nne usiku, kuni zimekwisha na nusu yao wamelala. Kesho yake hakuna anayesahau.

Nidhamu ya skauti inatokana na hayo: wenzako wanakutegemea, na ukizembea mnaumia wote mchana huohuo. Haitokani na kuruka kichurachura, kupiga magoti juani wala kunyimwa chakula. Adhabu za namna hiyo hazimo katika skauti, na kiongozi anayezitumia aripotiwe kwa mkuu wa shule na kwa uongozi wa skauti wa wilaya bila kuonewa haya. Kanuni ya ulinzi wa mtoto ni kwamba mtu mzima hakai peke yake na mtoto mmoja mahali pasipoonekana. Kundi lisiloifuata halifai, hata kama linashinda makombe ya gwaride.

Kwa hiyo mtoto mtukutu aje? Aje, tena karibu sana. Wengi wao ni watoto wenye nguvu za ziada waliokosa kazi ya maana ya kufanya. Ila aje kwa hiari yake. Uskauti ni wa kujitolea tangu mwanzo, na mtoto aliyeburutwa kama adhabu hukaa kwenye patroli kama mzigo mpaka aondoke. Mlete mara tatu atazame na acheze, halafu mwulize kama anataka. Akisema hapana, mwache. Na wewe mzazi usimtishe nyumbani kwa "nitamwambia mwalimu wako wa skauti". Ukishasema hivyo umegeuza skauti kuwa polisi, na sisi tunapoteza muhula mzima kuibomoa picha hiyo.

"Ni ya wavulana, na ni ya Wakristo"

Si kweli pande zote mbili. Makundi mengi shuleni kwetu yana wavulana na wasichana pamoja, ingawa wasichana wana pia chama chao cha Girl Guides. Wakienda kambi ya mchanganyiko, mahema ya kulala yanatenganishwa na lazima awepo kiongozi mwanamke. Kama hayupo, wasichana hawaendi. Jambo hilo halina mjadala.

Kuhusu dini, ahadi ya skauti inataja wajibu kwa Mungu, na kila mmoja anautimiza kwa imani yake. Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi kuliko nyingine yoyote, ndiyo yenye skauti wengi zaidi duniani. Kambi iliyopangwa vizuri huacha nafasi ya swala na ya ibada katika ratiba, nyama huchinjwa kwa namna ambayo wote wataila, na haipangwi kambi ya kutembea juani katikati ya Ramadhani.

"Wanafundishwa utovu wa adabu, wanasalimiana kwa mkono wa kushoto"

Babu na bibi wa pwani hukereka sana na hili, na hawana kosa. Skauti duniani kote hupeana mkono wa kushoto wao kwa wao. Masimulizi yanayosikika zaidi ni ya wapiganaji wa kabila la Asante la Ghana, kwamba shujaa alishika ngao kwa mkono wa kushoto, na kuiweka ngao chini ili ampe mwenzake mkono huo ilikuwa ishara ya kumwamini. Iwe ndivyo au sivyo, salamu hiyo ni ya skauti kwa skauti. Kijana anayempa mzee mkono wa kushoto mtaani hajafundishwa vizuri, na kosa ni la kiongozi wake.

"Skauti halisi huwasha moto kwa kusugua vijiti"

Skauti halisi huwasha moto kwa njiti moja ya kiberiti, na hiyo ni ngumu ya kutosha. Siri iko katika kuandaa kabla ya kuwasha. Kusanya vijiti vikavu vya unene wa njiti, vya unene wa penseli na vya unene wa kidole gumba, kila aina ijaze viganja viwili. Wanaoshindwa karibu wote wameruka unene wa kati: nyasi zinawaka kwa mbwembwe, zinazima, gogo halijashtuka.

Safisha duara la upana wa mita 3, usiwashe chini ya matawi, na mafiga yasiwe mawe yaliyookotwa mtoni. Maji yaliyomo ndani yake yakichemka, jiwe hupasuka na vipande huruka usoni. Wakati wa kuzima, mwaga maji, koroga majivu, mwaga tena, kisha pitisha nyuma ya kiganja karibu na majivu. Ukisikia joto, bado haujazima.

"Kambini watoto huharisha"

Huharisha pale mikono haioshwi. Choo kikae angalau mita 30 kutoka chanzo cha maji na upande ambao upepo hauelekei jikoni. Kando yake kuwe na kibuyu chirizi, yaani dumu la maji ya kunawia linaloinamishwa kwa mguu, pamoja na sabuni, na kingine jikoni. Ndoo ya udongo na kijiko cha koleo vikae chooni, kila anayetoka afukie. Maji ya kunywa yachemke mpaka yatokote, si yapate uvuguvugu kwa sababu kuni ni chache. Kambi ikikosa kibuyu chirizi siku ya kwanza, usingoje siku ya pili kulalamika.

"Cheti cha skauti kinampa mtoto ajira ya jeshi au polisi"

Hakimpi. Vyombo hivyo vinaajiri kwa vigezo vyao vinavyotangazwa. Anayekuuzia cheti cha skauti kwa ahadi ya ajira anakuibia. Kinachobaki kwa kijana ni ujuzi: kufunga jeraha, kusoma ramani, kupika kwa watu wanane bila kuunguza, kuongoza wenzake bila kuwa na mamlaka ya kuwachapa.

"Lazima kununua sare kamili ndipo aanze"

Hapana. Mtoto huanza kwa kuhudhuria, anajifunza ahadi, sheria, ishara na mafundo ya mwanzo, na skafu huvishwa siku anapoapishwa. Sare inafuata taratibu, na kundi lenye akili lina sanduku la sare zilizoachwa na waliokua. Kiongozi anayedai fedha ya sare siku ya kwanza, mwulize ratiba ya muhula. Mara nyingi hana.

"Kambini apelekewe kila kitu"

Mabegi mengine yanayofika kambini yangetosha harusi. Kwa usiku mbili au tatu zinatosha nguo za kubadili mara mbili, sweta, blanketi, jamvi la kulalia, sahani, kikombe, kijiko, tochi, sabuni, mswaki na chupa ya maji ya lita moja na nusu. Kama kambi ni Lushoto mwezi wa Juni au Julai, ongeza blanketi la pili na soksi nzito, maana baridi ile mtoto wa Dar es Salaam haijui. Simu na biskuti za kumlisha yeye peke yake vibaki nyumbani. Dawa anazotumia zikabidhiwe kwa kiongozi zikiwa na jina lake na saa za kumeza.

Na begi alipange yeye mwenyewe, mzazi asimame mlangoni tu. Mtoto aliyepangiwa na mama yake hutumia usiku wa kwanza kupindua kila kitu hemani akitafuta tochi, huku akiwamulika wenzake saba kwa tochi aliyoazima.