Tabaka la nje la ngozi: usilisugue ukalimaliza

Ngozi iliyopauka ukiikwaruza kwa ukucha huacha mstari mweupe, na unga kidogo hubaki kwenye ukucha. Wengi hudhani ni uchafu, wakaenda kuusugua kwa dodoki na sabuni ya mche. Unga ule ni seli zilizokufa za epidemisi, tabaka la nje kabisa la ngozi, na zikiwa zimekufa hivyo hivyo ndizo zinazotukinga.

Epidemisi ni nyembamba mno: kwenye kope ina unene wa kama milimita 0.05, kwenye nyayo hufika hata milimita 1.5. Haina mshipa wa damu, ndiyo maana mchubuko wa juujuu hutoa majimaji tu. Seli huzaliwa chini kabisa, husukumwa juu na zinazozaliwa nyuma yake, hujaa protini iitwayo keratini, hubapa, hufa, na baada ya takriban wiki nne hupukutika. Zilizokufa hulaliana kama makuti ya paa, na katikati yake kuna mafuta ya asili yanayoziba nafasi. Maji ya mwilini hayatoki ovyo, na vijidudu haviingii ovyo. Aliyeungua sehemu kubwa ya mwili anaweza kufa kwa kuishiwa maji, kwa sababu kinga hiyo imeondoka.

Sabuni ya mche huyaondoa mafuta hayo. Juu ya hapo, ngozi ina asidi kidogo, pH yake (kipimo cha asidi; namba ikipanda, asidi hupungua) ikiwa karibu 5, na sabuni hiyo hufika 9 au 10. Kwa mtoto mwenye ukurutu naomba kabisa isitumike. Muogeshe kwa sabuni laini, umpake mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevu.

Chini kabisa ya epidemisi kuna melanositi, seli zinazotengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi. Mweusi na mweupe wanazo kwa idadi inayokaribiana. Kinachotofautiana ni wingi na aina ya melanini. Rangi hiyo hupelekwa kwenye seli jirani, ikakaa juu ya kiini na kukinga vinasaba dhidi ya miale ya jua. Mtu mwenye ualbino anazo melanositi, ila hazitengenezi melanini ya kutosha, na hapa kwetu saratani ya ngozi humpata angali kijana. Kwa ajili yao, kituo cha magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, hutengeneza losheni ya kukinga jua iitwayo Kilisun.

Ndiyo maana mkorogo, vipodozi vya kujichubua ngozi, unaniumiza roho. Mtu aliyejaliwa kinga hii anainunulia sumu. Ndani ya makopo yale mara nyingi mna haidrokwinoni, steroidi kali (dawa za kutuliza uvimbe na muwasho) au zebaki, wakati mwingine vyote pamoja. Haidrokwinoni huzuia melanini, lakini ikitumika muda mrefu inaweza kuleta madoa ya bluu-kijivu mashavuni ambayo ni vigumu mno kuyatoa. Steroidi huikondesha ngozi hadi mishipa ionekane, michirizi itokee na fangasi wasambae. Zebaki hupenya na kuharibu figo, na kwa mjamzito humfikia mtoto tumboni. Tazama vidole vya anayejichubua: uso umeng'aa, vifundo vimebaki vyeusi. Ngozi ya pale ni nene, dawa haipenyi kama inavyopenya usoni. Usoni, palipo pembamba, ndipo sumu inapoingia kirahisi.

Kama umetumia mkorogo kwa miezi au miaka, usiuache kimyakimya peke yako. Steroidi ikikatishwa ghafla, uso unaweza kuvimba, kuwaka moto na kutoa vipele, na wengi hukimbilia kupaka tena. Nenda kliniki ya ngozi upangiwe namna ya kuacha. Chukua na kopo lenyewe, hata kama halina lebo, na useme wazi umepaka wapi na kwa muda gani. Hatutakucheka wala kukugombeza.