Baada ya leza ya retina: kazi, mazoezi na tendo la ndoa

Mgonjwa ameshachomwa leza kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kaandikiwa tarehe ya kurudi kliniki, daktari kamuuliza kama ana swali, naye kajibu hana. Lile la chumbani ameona haya kulitaja. Akifika nyumbani ndipo anaanza kuokoteza majibu kwa jirani, kwa shemeji, kwa muuza dawa. Haya ndiyo ninayoyasikia mara nyingi.

"Leza ni leza, masharti ni yale yale kwa kila mtu."

Sivyo, na hapa ndipo makosa mengi yanapoanzia. Uliza kwanza leza yako ilikuwa ya kazi gani.

Kama retina ilikuwa na tundu au mpasuko, daktari amechoma alama ndogo kuuzunguka ili retina ishikamane na tabaka lililo chini yake. Kushikamana huko huanza mapema, lakini hukomaa baada ya wiki moja hadi mbili, pengine tatu. Ni kama saruji mbichi: kwa juu inaonekana imeshika, ila haijawa tayari kubeba uzito. Ndiyo maana wengi huambiwa waache kwa wiki moja au mbili kunyanyua mizigo, kukimbia, mpira, ndondi na mitikisiko mikali.

Leza ya kisukari ni habari nyingine. Sukari ya muda mrefu huotesha kwenye retina vishipa vipya, vyembamba, vinavyovuja damu kwa urahisi. Daktari huchoma nukta nyingi, mara nyingi zaidi ya 1,000, pengine kwa awamu, ili vishipa hivyo vinyauke. Hapa hakuna mpasuko wa kulindwa, na wengi hurudia shughuli za kawaida kesho yake. Lakini vishipa huchukua wiki kadhaa kunyauka, na katika muda huo cha kuogopwa ni kubana pumzi na kujikamua: kubeba gunia la mahindi, kunyanyua vyuma, hata kusukuma chooni ukiwa na choo kigumu. Kunywa maji na kula mboga za majani ni sehemu ya kulitunza jicho hilo.

"Tendo la ndoa litang'oa retina, kaeni siku arobaini."

Hakuna sheria ya siku arobaini katika tiba ya macho. Kwa mtu ambaye moyo wake hauna tatizo, tendo la ndoa hutumia nguvu inayokaribia kupanda ngazi za ghorofa mbili. Aliyechomwa leza ya kisukari, jicho likiwa halina damu ndani, kwa kawaida anaweza kurejea maumivu yakiisha na mwenyewe akijisikia vizuri. Aliyezibwa mpasuko ni busara angoje ile wiki moja au mbili. Ambaye damu imevujia ndani ya jicho angoje ruhusa ya daktari wake.

Mkianza, anzeni taratibu. Mwenye jicho alale chali, kichwa juu ya mto, mwenzake abebe kazi. Asibane pumzi, na kichwa kisining'inie chini ya kitanda. Wapo wanaohama chumba kabisa kwa hofu, na mwenzake akadhani amekataliwa. Kulala pamoja na kukumbatiana hakuna daktari aliyekukataza. Nendeni wote wawili kliniki, mmoja akishikwa na haya mwingine aulize.

"Vidonge vya nguvu za kiume havihusiani na macho."

Vinahusiana. Sildenafil, dawa ya vidonge kama Viagra, hugusa pia kimeng'enya kilichomo kwenye retina, ndiyo maana wengine huona rangi ya bluu au mwanga ukiwaumiza. Mara chache wameripotiwa watumiaji waliopoteza uoni ghafla kwa sababu mshipa wa fahamu wa jicho umekosa damu, na kisukari na presha huongeza hatari ya tatizo hilo. Anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti asiviguse kabisa, presha yake inaweza kuporomoka. Vumbi la Kongo nalo, anayelinunua hajui ndani yake mna nini. Mtajie daktari wa macho kila unachotumia.

"Aliyechomwa leza asisujudu."

Si kila mtu. Kama damu imevuja, au umeambiwa kichwa kikae juu, uswali ukiwa umekaa na uashirie. Dini imempa mgonjwa nafasi hiyo.

"Naweza kuendesha gari nikitoka, ila nisipande ndege."

Kinyume chake. Matone ya kupanua mboni hukuacha na ukungu kwa saa kadhaa, kwa hiyo siku hiyo mwachie mtu mwingine usukani. Leza peke yake haizuii ndege. Anayezuiwa ni aliyewekewa gesi ndani ya jicho ili kuishikiza retina, kwa sababu gesi hutanuka unapopanda juu na inaweza kupofusha. Huyo hata basi la Mombasa hadi Nairobi, kupanda zaidi ya mita 1,600, asilipande mpaka daktari athibitishe kuwa gesi imeisha.

"Mazoezi yataleta damu, heri nikae tu."

Kutembea kwa miguu hakuna shida kwa wengi, na husaidia sukari na presha, ambazo ndizo zilizoliharibu jicho la mwenye kisukari. Mazoezi mazito yasubiri mpaka daktari aone vishipa vimetulia. Jihadhari usiku, maana leza ya nukta nyingi inaweza kupunguza uoni wa pembeni na wa gizani.

Ukiona vimulimuli, madoa meusi mengi yanayoelea, au kivuli kinachoshuka kama pazia, iwe baada ya kazi, mazoezi au tendo la ndoa, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda siku hiyo hiyo kwenye hospitali yenye daktari wa macho, kwa sababu retina inayobanduka huokolewa vizuri zaidi kabla sehemu yake ya katikati haijaachia.