Kovu la Upasuaji: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Wengi huamini kwamba kidonda cha upasuaji hupona vizuri zaidi kikiachwa wazi kipigwe na hewa hadi kifanye kigaga. Ukweli ni kinyume chake. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha, kwa majaribio aliyoyafanya kwa nguruwe, kwamba jeraha lililofunikwa likabaki na unyevu huota ngozi mpya haraka kuliko lililokauka, kwa kuwa kigaga kigumu huzilazimisha seli mpya kutafuta njia chini yake. Kwa kidonda kilichoshonwa na kisicho na maambukizi, kwa kawaida inatosha kukiosha taratibu kwa maji na sabuni laini pale daktari anaporuhusu, kukipaka mafuta ya mgando kwa safu nyembamba na kukifunika kwa bandeji safi. Spiriti na haidrojeni peroksidi, ambazo watu humimina kila siku kwa nia njema ya kuua vijidudu, huua pia seli changa zinazojenga ngozi.

Dhana inayowagharimu wagonjwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba nyuzi zikishatolewa kazi imekwisha. Wiki 3 baada ya upasuaji kovu huwa na takriban sehemu moja ya tano tu ya nguvu ya ngozi ya kawaida, na hata likikomaa halivuki asilimia 80 hivi. Mwili huendelea kuipanga upya kolajeni, protini inayoipa ngozi nguvu, kwa mwaka mzima, wakati mwingine hadi miezi 18, kwa hiyo kovu linalowasha, lililovimba kidogo na lililobadilika rangi katika mwezi wa tatu bado halijafikia sura yake ya mwisho. Katika kipindi hicho kinacholiharibu sana ni mvuto: ngozi ya kifua, mabega na mgongo huvutwa kila mtu anapojinyoosha au kubeba mzigo, na kovu hupanuka. Ndiyo maana madaktari wengine hushauri tepu ya karatasi ibandikwe juu ya kovu kwa wiki kadhaa, na mazoezi mazito yasubiri.

Mafuta ya vitamini E yana sifa kubwa kuliko uwezo wake. Katika utafiti mdogo uliochapishwa mwaka 1999, hayakuboresha mwonekano wa makovu, na takriban theluthi moja ya washiriki walipata mzio wa ngozi. Chenye ushahidi bora zaidi ni silikoni, iwe jeli au karatasi laini, inayotumiwa baada ya kidonda kufunga kabisa, kwa saa 12 au zaidi kila siku, kwa miezi 2 hadi 3 angalau. Wakati huo huo unaweza kulisugua kovu kwa ncha ya kidole, kwa miduara midogo, ukibonyeza kwa uthabiti bila kujiumiza.

Wapo pia wanaodhani kwamba mwenye ngozi nyeusi hahitaji kulikinga kovu na jua. Kovu changa kwenye ngozi hiyo huweza kuwa jeusi zaidi ya ngozi inayolizunguka na kubaki hivyo kwa miezi mingi. Lifunike kwa nguo, au lipake losheni ya kuzuia jua yenye SPF 30 au zaidi.

Mwisho ni suala la keloidi. Si kila kovu lililoinuka ni keloidi: kovu nene la kawaida hubaki ndani ya mipaka ya jeraha na mara nyingi hupungua lenyewe, ilhali keloidi huivuka mipaka hiyo na kuendelea kukua. Kuikata tu, kama wengi wanavyoomba, mara nyingi huirudisha, pengine kubwa kuliko ya kwanza. Matibabu huhitaji kuunganishwa na sindano za steroidi au tiba nyingine. Ikiwa wewe au ndugu yako wa damu amewahi kuota keloidi, mweleze daktari kabla ya upasuaji, ili apange mapema namna ya kushona na matunzo yatakayoanza mara kidonda kitakapofunga.