Bodi Yenu Si Dhaifu, Mmeizuia Isisikilize

"Shikamoo mwalimu. Bodi yetu ni dhaifu, tunachangishana tununue yenye nguvu zaidi." Maneno hayo nimeyasikia kwa wanafunzi wa sekondari na wa vyuo, kuanzia Igoma hadi Ilemela, na wiki hii nimeyasikia tena kwa kundi lililotengeneza taa ya kuitikia makofi. Ukipiga kofi, taa huwaka. Ukipiga la pili, taa hainyanyui hata kope. Wazazi wameshaombwa mchango. Naandika kwa sababu ya mchango huo, kwa kuwa bodi waliyo nayo inatosha na kuzidi, na fedha hizo zitanunua tatizo lile lile likiwa kwenye bodi nyingine.

Bodi yenyewe ni Arduino Uno, kompyuta ndogo inayosoma sensa na kuwasha vitu kama taa. Kontrola yake, ATmega328P, huendeshwa kwa megahezi 16, yaani mapigo milioni 16 kwa sekunde, na kwa amri ya analogRead, inayopima volti kwenye pini na kuitoa kama namba kati ya 0 na 1023, inaweza kusoma pini karibu mara 10,000 katika sekunde moja. Kofi ni kitu kifupi kwa sikio letu, lakini kwa chombo kinachoweza kusoma kila baada ya mikrosekunde 100 hivi, lina nafasi tele ya kuonekana. Nilipofungua programu yao nikakuta, mwishoni mwa loop, sehemu ya programu inayojirudia bila kukoma, delay(1000), yaani amri ya kusubiri milisekunde 1000. Waliiweka ili namba zisipite mbio kwenye skrini ya kompyuta, kisha ikasahaulika humo. Maana yake ni kwamba bodi husoma mara moja, halafu hukaa sekunde nzima bila kusoma chochote. Kofi likipigwa ndani ya sekunde hiyo, kwa bodi ni kama halikupigwa.

Hapo hoja ya nguvu inakosa pa kusimama. ESP32, bodi ambayo ndiyo waliyotaka kuinunua, inaweza kufika megahezi 240. Ipe programu ile ile nayo itaifikia delay(1000) mapema zaidi, kisha itasubiri sekunde ile ile moja. Juu ya hayo, pini zake zinataka volti 3.3 wala si 5, na usomaji wake hufika 4095 badala ya 1023, kwa hiyo kizingiti cha 600 walichokizoea, yaani namba ambayo usomaji ukiizidi taa huwaka, kitakuwa na maana nyingine kabisa. Dawa ni millis, amri inayotaja milisekunde zilizopita tangu bodi ianze kazi: weka kumbukumbu ya wakati taa ilipowaka, endelea kusoma, na linganisha wakati huo na wakati wa sasa kila unapozunguka. Mfano wake, BlinkWithoutDelay, umo ndani ya programu ya Arduino yenyewe na sina haja ya kuunakili hapa.

Kuondoa delay, hata hivyo, hakutoshi, na hapa ndipo naomba subira ya msomaji, kwa sababu jambo linalofuata ndilo linaloniudhi kuliko yote. Miongozo mingi humwambia mwanafunzi asome pini A0 iliyounganishwa na sensa, na thamani ikizidi 600, awashe taa. Utaratibu huo unafaa kwa joto na unafaa kwa mwanga. Kwa sauti haufai. Moduli nzuri ya maikrofoni, kama ile yenye chipu ya kukuza sauti ya MAX4466, pakiwa kimya hutoa nusu ya volti inayopewa: ukiipa 5 hutoa 2.5, na bodi husoma karibu 512. Sauti inapoingia, volti hupanda juu ya hapo na kushuka chini ya hapo, mamia au maelfu ya mara kwa sekunde. Usomaji mmoja unaweza kuangukia 512 kamili katikati ya kelele ya kuumiza masikio, na unaweza vilevile kuangukia 300, namba ambayo programu ya "ikizidi 600" huitafsiri kuwa ni ukimya mkubwa kuliko ukimya wenyewe. Mtu akisimama Mwaloni Kirumba, kando ya Ziwa Victoria, na kuyatupia maji jicho mara moja, akaona yamegusa alama fulani kwenye nguzo, hawezi kusema kama ziwa limechafuka au limetulia. Sharti atazame kwa muda, aone yalipofika juu kabisa na yalipofika chini kabisa.

Kwa hiyo chagua kipindi kifupi, kwa mfano milisekunde 50, soma bila kupumzika katika kipindi hicho chote, tunza thamani kubwa na thamani ndogo, kisha toa ndogo kutoka kwa kubwa. Tofauti hiyo ndiyo ukubwa wa sauti. Milisekunde 50 zinatosha mzunguko mmoja mzima wa sauti ya hezi 20, ambayo ni nzito kuliko karibu kila kitu utakachokipiga darasani. Ukipunguza hadi milisekunde 5, kofi utaliona, lakini ngoma nzito utaiona nusunusu, kwa sababu kipindi kitakwisha kabla wimbi lake halijafika kileleni.

Nimesema moduli nzuri, na neno hilo lina uzito. Ile ndogo ya bei nafuu yenye chipu ya LM393 na skrubu ya kurekebisha haipimi chochote kupitia pini yake ya dijitali. Inasema tu kwamba kizingiti ulichokikaza kwa bisibisi kimevukwa. Ile yenye MAX9814, ambayo huuzwa kwa sifa nyingi, huikuza sauti ndogo na kuipunguza sauti kubwa yenyewe, bila kuuliza. Kwa kusikiliza mazungumzo ni chombo kizuri sana, lakini kwa mwanafunzi anayetaka safu ya taa ipande kadiri watu wanavyopaza sauti ni chaguo baya, kwa kuwa kazi ya moduli hiyo ni kuifuta tofauti ile ile anayotaka kuionyesha.

Sasa kuna shaka ambayo vitabu huiruka. Kizingiti kiwe ngapi? Madarasa yetu mengi yameezekwa kwa mabati, na mvua ya vuli ikianza, kizingiti kilichofanya kazi asubuhi hakina kazi tena. Mimi huwaambia wanafunzi watunze wastani wa kelele ya muda mfupi uliopita, na waite kofi kile kinachoruka ghafla mara kadhaa juu ya wastani huo. Hiyo "mara kadhaa" naichagua kwa sikio, chumba kwa chumba, na sina kanuni ninayoweza kuitetea. Tena dawati linaloburutwa au mlango unaobamizwa huruka ghafla vilevile, na kwa namba moja tu ya ukubwa wa sauti sijapata njia ninayoiamini ya kuvitenganisha na kofi. Kudai makofi mawili yanayofuatana upesi kunapunguza makosa, lakini hakuyamalizi.

Madai mengine ya udhaifu yanakwisha haraka. Bodi inayojizima na kuanza upya pale utepe wa taa unapowaka haijazidiwa na programu, imekosa umeme: taa moja ya utepe wa aina ya WS2812B ikiwaka nyeupe kwa nguvu zote hula karibu miliampia 60, taa 30 hula ampia 1.8, na tundu la kawaida la USB kwenye kompyuta limepangiwa miliampia 500. Upe utepe chanzo chake cha umeme na uunganishe waya hasi wa pande zote mbili. Taa iliyo kwenye pini 3 au 11, inayoacha kufifia taratibu mara spika inapolia, haijaungua pini. Amri ya tone, inayoliza spika, imechukua saa ya ndani inayotumiwa na pini hizo, basi ihamishie pini 9. Na taa ya jioni, ya kuwaka giza linapoingia, inayopepesa badala ya kuwaka inajiona yenyewe: inawaka, sensa inadhani kumekucha, inazima. Geuza sensa isiutazame mwanga wake, na weka vizingiti viwili, kwa mfano iwake chini ya 300 na isizime mpaka ipite 450.

Kuna mahali Uno hushindwa kweli. Mwanafunzi akitaka kifaa kirekodi sauti yake akisema "Karibuni" na kuirudia mgeni anapopita, hesabu inamkataa: sekunde moja ya sauti, kwa sampuli (vipimo vya sauti) 8,000 za baiti moja moja, inahitaji baiti 8,000, na kumbukumbu ya muda ya Uno ni baiti 2,048, yaani kama robo ya sekunde, kabla programu yenyewe haijachukua sehemu yake. Hapo ESP32 ina kazi ya kufanya, kwa kuwa ina kilobaiti 520, na sekunde kadhaa za sauti ya aina hiyo zinaingia humo bila kubanana.