Hita ya haibridi haipashwi na betri (na tafadhali rudisheni thamostati)

Juni ikiingia Dodoma, upepo ukaanza kupiga alfajiri na joto likashuka hadi nyuzi 13 au 14, swali huwa lile lile: "Fundi, Aqua yangu hita inapuliza hewa ya baridi, nimeambiwa betri ya haibridi imechoka. Inauzwa bei gani?" Usiulize bei. Betri ya haibridi (ile kubwa inayosaidiana na injini ya petroli kuliendesha gari) haihusiki hapo hata kidogo. Nimelijibu hili kwa mdomo hadi sauti imekauka, sasa nimeliandika. Mwenzako akiuliza, mtumie hii.

Kwenye Aqua, Prius na haibridi nyingi za Toyota zinazozunguka mjini hapa, joto la hita linatoka kwenye maji ya injini, sawa na Corolla ya mwaka 1995. Injini inachoma petroli, kulanti (maji hayo ya injini yenye dawa) inapata moto, inapita kwenye rejeta ndogo iliyojificha nyuma ya dashibodi, blowa (feni ya hita) inapuliza hewa katikati ya mapezi yake. Basi. Kinachokula betri kubwa ni kompresa ya AC, yaani upande wa ubaridi. Baadhi ya magari yana kipashio kidogo cha umeme kwenye hita, lakini kinatumia mfumo wa volti 12 na ni msaidizi tu. Kama una Nissan Leaf, ambayo haina injini kabisa, au Prius PHV (ile ya kuchaji kwa plagi) ya 2017 kuendelea yenye pampu ya joto, makala hii haikuhusu.

Kabla hujafungua boneti, hakikisha kweli kuna ubovu. Ukiweka AUTO na injini bado ya baridi, blowa hukaa kimya au hupuliza kidogo sana hadi maji yapate moto kidogo. Imepangwa hivyo isikupulizie baridi miguuni. Vilevile, hita ikiwa imewashwa injini itaendelea kunguruma hata kwenye foleni, kwa sababu ndiyo jiko lenyewe. Na ukiwa kwenye ECO, kompyuta hubania joto makusudi. Hayo yote si ubovu.

Sasa tuje kwenye thamostati, ile vali ya joto kwenye njia ya maji ya injini, maana hapa ndipo damu inaponichemka kuliko kulanti.

Kuna imani kwamba thamostati ni kifaa cha nchi za baridi, kwamba huku kwetu kwenye jua gari "linapumua" vizuri ikitolewa. Gari likichemsha mara moja tu, kinachotolewa kwanza ni thamostati, linarudishwa barabarani, kila mtu anafurahi. Mwezi wa sita hita haifanyi kazi na lawama zinabebeshwa betri.

Thamostati haiangalii jua la nje. Kazi yake ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta kubwa mpaka injini ifike joto la kufanyia kazi. Kwenye injini hizi, 1NZ-FXE ya Aqua ya kabla ya 2021 na 2ZR-FXE ya Prius ya 2009 hadi 2015, inaanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Ukiitoa, maji yanapita kwenye rejeta tangu sekunde ya kwanza. Kwenye gari la kawaida utaumia kidogo. Kwenye haibridi utaumia mara mbili. Kompyuta ya haibridi hairuhusu injini izimike kwa uhuru mpaka maji yafike nyuzi 70 hivi. Toa thamostati, toka mjini uelekee Ihumwa kwa mwendo wa 80 alfajiri, upepo wa mbele utayashikilia maji kwenye 55 au 60. Injini haitazimika, mafuta yataliwa, na hita itakupulizia hewa ya vuguvugu. Umenunua haibridi ukaigeuza kuwa gari la kawaida lenye mzigo wa betri mgongoni.

Kuna jambo la pili ambalo hata mafundi wazuri wanalisahau. Thamostati ya injini hizi ina vali ya pili kwa nyuma. Ya kwanza ikifunguka kwenda rejeta, ya pili inabana njia ya mkato ambayo maji huipitia injini ikiwa ya baridi. Ukiitoa yote, ile njia ya mkato inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kuliona rejeta. Ndiyo maana gari lisilo na thamostati linaweza kuwa la baridi sana asubuhi na bado likachemsha saa nane mchana likipanda mlima na mzigo. Aliyeitoa ili kuzuia kuchemsha ameongeza uwezekano wa kuchemsha. Gari lilichemsha kwa sababu nyingine, ama maji yamepungua, ama pampu, feni au rejeta iliyoziba, na sababu hiyo bado imekaa palepale inakusubiri.

Kupima ni rahisi. Chomeka mashine ya kusomea kompyuta ya gari, fungua data hai, tazama joto la maji. Endesha dakika 15 barabara kuu. Likitulia kati ya 82 na 95, thamostati ni nzima. Likibaki chini ya 75 na kushuka kila unapoongeza mwendo, ama haipo, ama imekwama ikiwa wazi. Namba ya hitilafu P0128 ndiyo inayohusiana na hili, lakini isipojitokeza usishangilie. Amini joto unaloliona. Ukitaka kuipima thamostati mezani, itumbukize kwenye sufuria la maji yenye kipimajoto: ianze kuachia kwenye 80 hadi 84, na kwenye 95 iwe imeachia vizuri. Angalizo la Dodoma: tupo juu, mita zaidi ya 1,100 kutoka usawa wa bahari, na maji kwenye sufuria hapa yanatokota karibu na nyuzi 96. Hiyo 95 utaifikia kwa taabu, basi usiitupe thamostati kwa sababu ya milimita moja. Ndiyo maana pia mfuniko wa rejeta unaoshika presha, ili maji yasitokote mapema, si mapambo.

Thamostati ikiwa sawa na hita bado baridi, shika mipira miwili ya maji inayoingia kwenye ukuta wa kati ya injini na dashibodi. Tahadhari: gari likiwa READY (limewashwa, tayari kuondoka) injini inaweza kuwaka yenyewe bila kukuaga, kwa hiyo kwanza lipashe moto, zima kabisa, peleka ufunguo mbali, ndipo uingize mkono. Mipira yote miwili ikiwa moto, maji hayana kosa. Tatizo liko ndani, kwenye mota ya kile kibao kinachochanganya hewa ya moto na ya baridi. Utasikia inagonga "tak tak tak" nyuma ya dashibodi. Hapo ndipo betri inapohusika, ila ni ile ndogo ya volti 12: ikiwa dhaifu, hizi mota hupoteza hesabu zake. Ipime kabla hujabomoa dashibodi.

Mmoja moto na mwingine baridi, ama rejeta ya hita imeziba, ama kuna hewa ndani. Hapa vitabu vinaandika kana kwamba ni mambo mawili yanayotofautishwa kwa urahisi. Mimi huwa nasita. Hewa huja na kuondoka, unasikia maji yakikoroma nyuma ya dashibodi ukikanyaga mafuta, kuziba hakubadiliki. Lakini nusu kuziba pamoja na hewa kidogo vinafanana na chochote unachotaka kuona. Naanza na hewa kwa sababu ni bei rahisi.

Yote miwili baridi huku injini ikiwa moto: maji yamepungua au pampu haisukumi. Aqua na Prius ya 2009 kuendelea zina pampu ya maji ya umeme, hazina mkanda, kwa hiyo usitafute mkanda uliokatika. P261B inaongelea pampu hiyo. Prius ya kabla yake ina pampu ya mkanda pamoja na pampu ndogo ya umeme ya hita, inayosukuma maji injini inapozimika. Ikifa hiyo, hita inakuwa moto ukitembea na baridi ukisimama kwenye taa. Na tafadhali, kuna vyombo viwili vya kulanti. Kimoja ni cha injini, kingine ni cha inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kubwa kwa ajili ya mota), na maji yake hayaendi kwenye hita. Kujaza cha inveta na kusema "nimeongeza maji" ni kumpa mgonjwa wa kitanda cha pili dawa ya wa kitanda cha kwanza.

Kutoa hewa kunahitaji injini iwake mfululizo, na haibridi inapenda kujizima. Kuna mlango wa uani kwa mafundi. Vuta breki ya mkono, weka kigingi kwenye tairi. Washa bila kukanyaga breki, isifike READY. Ndani ya sekunde 60: gia ikiwa P kanyaga mafuta hadi chini mara 2, peleka N, kanyaga mara 2, rudisha P, kanyaga mara 2. Kisha kanyaga breki uwashe READY. Injini itawaka na haitazimika mpaka uizime wewe. Weka hita MAX, blowa chini, AC zima, mfuniko ukiwa umefunguliwa tangu injini ikiwa baridi, na ongeza kulanti taratibu huku ukiminya mipira. Thamostati ikifunguka maji yatashuka ghafla, ongeza. Usikisie kiasi: pima ulichomwaga. Umemwaga lita 4 na zimeingia 3 tu? Lita moja ya hewa ipo mahali imejificha.

Rejeta ya hita kuziba, Dodoma tunajitakia wenyewe. Maji ya visima vya hapa yana chumvi. Angalia birika lako la chai lilivyo ndani. Sasa fikiria vijia vyembamba vya rejeta ya hita vikinyweshwa maji ya bomba miaka mitatu. Tumia kulanti ya Toyota ya pinki iliyokwisha kuchanganywa, au changanya nusu kwa nusu na maji ya kuongezea betri yasiyo na asidi. Hakikisha, maana madukani asidi yenyewe nayo huitwa "maji ya betri".

Kusafisha: vua mipira yote miwili, pitisha maji kinyumenyume kwa presha ndogo ya bomba la nyumbani mpaka yatoke safi, malizia na maji yasiyo na chumvi. Usiweke upepo wa kompresa ya gereji, utaipasua na zulia litalowa. Dawa za kuondoa magamba naziogopa kidogo: rejeta iliyozeeka wakati mwingine gamba ndilo linaloziba tundu, ukiliondoa inaanza kuvuja. Mwenye gari ajue hilo kabla, si baada.

Ukishamaliza, acha gari lilale. Asubuhi likiwa baridi tazama kiwango cha maji. Kikishuka kidogo mara moja, ni hewa iliyobaki, ongeza. Kikishuka tena siku ya tatu na hakuna tone chini, au mapovu hayaishi kwenye rejeta, au injini inatetemeka ikiwaka asubuhi, hasa kwenye Prius ya 1.8, acha kuhangaika na hita. Pima gasketi ya silinda hedi kwa ile dawa ya buluu inayogeuka njano ikikutana na gesi ya ekzosi, na usiliendeshe kwenda Singida mpaka upate jibu.