Mafundi wakiongezwa, je, ghorofa huisha mapema?
Wengi huamini kwamba ujenzi ukichelewa, dawa ni kuongeza mafundi. Kwa kupaka rangi vyumba 20, wazo hilo lina mantiki. Lakini muda wa mradi mkubwa huamuliwa na mnyororo mrefu kuliko yote wa kazi zinazosubiriana: nguzo, kisha zege la sakafu ya juu, kisha nguzo za ghorofa inayofuata. Zege halijali wingi wa vibarua. Huhitaji muda wake kukomaa, na nguvu yake kwa kawaida hupimwa siku ya 7 na ya 28 baada ya kumwagwa. Ukipata ratiba ya mradi, uliza kila kazi inasubiri ipi. Ukiharakisha iliyo nje ya mnyororo huo, tarehe ya makabidhiano haisogei. Tena mafundi wageni huhitaji kuelekezwa, na wanaowaelekeza ni wale wale waliokwisha kuchelewa.